Chaki Chini ya Kebini

Lori lile lilipoingia gereji ya Omanga pale Suna, mjini Migori, watu walilisikia kabla ya kuliona. Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa kwa kamba, na kila gurudumu lilipoingia shimoni mlango ulilia kama debe lililotupwa chini. Lilikuwa la bluu, au tuseme liliwahi kuwa la bluu. Miaka mingi lilibeba samaki na barafu kutoka Homa Bay. Barafu iliyeyuka, maji yakapenya kwenye kila kiungo cha bati, na hakuna aliyejali kulikausha. Likauzwa, likabeba miwa huko Awendo, likauzwa tena. Sasa lilikuwa la Mama Terry, mwanamke wa biashara ya nafaka anayekaa Homa Bay, na aliyeliendesha alikuwa Nyabuto.

Kazi ya Lorine ilikuwa kukwangua. Cephas alikata na kuchomelea, mzee Omanga alinyoosha na kupaka rangi, lakini kabla hawajagusa kitu ilikuwa lazima Lorine apite na brashi ya waya, nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, atafute ugonjwa umefika wapi. Alikuwa ameipenda kazi hiyo bila kumwambia mtu. Bati ukilitazama linakudanganya. Lazima uligonge. Lililo zima hujibu, lililooza hunyamaza kama mtoto aliyevunja kitu.

Aligonga mlango wa dereva, ukanyamaza. Akachoma kwa bisibisi. Puti ya kuzibia matundu ikang'oka kipande kizima, nene kama muhogo, na nyuma yake zikatoka karatasi za gazeti zilizofinyangwa pamoja na mfuko wa simiti.

"Heh!" Nyabuto alikuwa ameketi juu ya tairi, mguu juu ya mguu, akimtazama. "Soma basi, mama Hawi, tujue nani alishinda uchaguzi."

"Baba Moraa, kumbe umekuwa ukiendesha gazeti."

"Ndiyo maana sijawahi kukosa habari."

Cephas alicheka hadi akainua miwani yake ya kuchomelea. Hata Hawi, mtoto wa Lorine, aliyekuwa amelazwa juu ya magunia kwenye kivuli cha banda, aliamka na kuanza kupiga makofi bila kujua anampigia nani. Alikuwa katika umri ule wa kujivuta kwenye kila kitu, asimame, ayumbe, akae kwa kishindo, aanze upya. Nyabuto alikuwa amempa kidole chake ashikilie tangu siku ya kwanza, na tangu siku hiyo mtoto akawa wake wa kumtania: "Huyu ni dereva. Angalia anavyotafuta gia."

Nyabuto alikuwa Mkisii, ila alikuwa ameishi Migori tangu ujana wake. Kijaluo hakukisema. Alisema kinamkwaruza koo. Na pale bandani wote, hata Omanga, Mkisii mwenzake, waliongea naye Kiswahili, kile cha njiani, kisichojali sana nani ni *ki* na nani ni *li*. Lakini masikio hayana mlango. Siku nzima mafundi wakizunguka lori lile walikuwa wakitupiana neno moja, na siku ya pili akauliza.

"Hii nyal, nyal mnayoimba hapa ni nini?"

"Kutu," akasema Lorine.

"Nyal ni kutu." Akalitafuna neno. "Sasa hii gari yote ni nyal."

"Yote, omera," akasema Cephas, kama kumwita ndugu. "Tukitoa nyal, utabaki na usukani na honi."

Bonareri, mke wa Nyabuto, alikuwa amemfungia chapati. Akazifungua, akampa Lorine moja, akamnyooshea Cephas nyingine.

"Ok adwar, omera," akasema Cephas, akijishika tumbo. Sitaki.

"Hutaki? Basi nakula mimi." Na akaila.

Lorine hakulitilia maanani jambo hilo wakati ule. Hakukuwa na sababu.

Kwa Omanga kulikuwa na desturi moja iliyokuwa sheria. Kila sehemu ya gari iliyokwisha kazi, mzee mwenyewe aliigonga, akaipapasa kwa kiganja, kisha akatoa chaki mfukoni mwa ovaroli na kuandika OK, herufi kubwa, duara la O likiwa limekaa sawasawa kama sahani. Pasipo na chaki hapakuguswa na rangi. Wateja wenyewe walikuwa wameijua desturi hiyo. Mtu angeingia bandani, asalimie, azunguke gari lake akihesabu chaki badala ya kuuliza maswali. Wiki ile ilipofikia Ijumaa, milango yote miwili ya lori la Mama Terry ilikuwa na OK, madigadi yalikuwa na OK, na ubavu wa kebini, ambao Cephas aliukata wote na kuuchomelea bati jipya, ulikuwa na OK kubwa kuliko zote.

Ijumaa ile jua lilikuwa limeanza kuegemea. Omanga ni mzee wa kanisa la Sabato, na kwake jua likitua hakuna nyundo itakayolia tena hadi Jumapili asubuhi. Alikuwa tayari amevua ovaroli, ameinamia karai, sabuni hadi viwikoni. Cephas alikuwa ameondoka mapema kubadilisha mtungi wa gesi. Lorine akasema aingie chini mara moja tu, afagie vumbi la kutu ili Jumapili wapake rangi nyeusi.

Akalala chali. Juu yake ilikuwa ile boriti ya mbele iliyobeba kebini, ile ambayo kebini nzima, na mtu aliye ndani yake, inaikalia. Ilikuwa imepakwa lami zamani, nyeusi na nzuri. Akaigonga.

Ikanyamaza.

Akagonga tena, karibu na upande wa dereva. Kimya. Akachukua bisibisi, akaisukuma bila nguvu yoyote, na bisibisi ikaingia kama inaingia kwenye ugali wa moto, ikaenda hadi mpini. Alipoichomoa, unga mwekundu ukamwagika usoni, kinywani, machoni. Akageuka akatema. Ladha yake ilikuwa ya damu.

"Mzee!" akaita kutoka kule chini. "Hii ya chini bado!"

"Utamwambia Cephas Jumapili!" Omanga akajibu, maji yakimdondoka puani. Labda alidhani ni rangi. "Toka huko, binti yangu, jua linatua!"

Lorine akawaza. Simu ya Cephas ilikuwa imekufa tangu juzi. Jumapili yeye mwenyewe angechelewa kwa sababu ya misa, na Cephas ni mtu wa kuanza kazi kabla jua halijapanda. Angeweza kuja na brashi na kupaka rangi juu ya kifo. Kulikuwa na kipande cha chaki juu ya kasha la vifaa. Cephas hakusoma Kiswahili vizuri, wala Kiingereza. Kusoma alikujua kwenye Biblia ya Kijaluo na kitabu cha nyimbo, basi. Kwa hiyo Lorine alimwandikia kwa lugha yake. Alikusudia maneno matatu, *ok nyal wuotho*, yaani haiwezi kutembea, gari hili halina ruhusa ya kwenda popote. Akaanza kwa herufi kubwa ili zisipotee kwenye weusi wa lami.

OK NYAL

Hapo Hawi akaanguka kutoka kwenye magunia, akapiga yowe. Lorine akatambaa upesi kutoka chini, akamwokota, akampuliza paji la uso. Omanga alikuwa amesimama langoni na kufuli mkononi, akitazama magharibi.

Cephas ataelewa, Lorine akajiambia. Maneno mawili yanatosha.

* * *

Jumapili alipofika, mtoto mgongoni, kitu cha kwanza alichokiona ni ardhi. Pale lori lilipokuwa palibaki doa la oili na mistari ya magurudumu iliyoelekea langoni. Cephas, aliyecheleweshwa na duka la gesi, alikuwa amesimama kando ya doa hilo, mtungi mpya begani, kama mtu aliyekuta nyumba imehamishwa.

"Liko wapi?"

"Si nakuuliza wewe?"

Omanga akatoka ndani akijifuta mikono. "Nyabuto alilichukua alfajiri, nikamfungulia lango. Alinipigia simu jana Sabato ilipoisha. Mama Terry anataka mahindi yake yafike Homa Bay leo leo. Nikamwambia rangi itangoja, azunguke tu aangalie, penye OK pako tayari. Alfajiri akaniambia amezunguka, kila mahali ni OK, hadi chini."

Lorine akahisi maziwa yakimchoma kifuani, vile yanavyofanya mtoto akilia mbali nawe. Lakini mtoto alikuwa mgongoni pake, kimya.

"Mzee," akasema. "Chini niliandika mimi."

"Uliandika nini?"

Akamwambia. Omanga, Mkisii kama Nyabuto, alichelewa kidogo kuelewa. Cephas hakuchelewa. Aliweka mtungi chini polepole, kwa mikono miwili.

Simu ya Nyabuto iliita, ikaita, ikakatika. Lorine akapiga tena. Mama wa uji aliyekuwa akiuza langoni, Filister, aliacha kupima uji akasimama na kikombe hewani. Ikapokelewa. Sauti ya injini ikajaa sikioni.

"Mama Hawi! Huu mlango siku hizi unafunga kama wa gari la waziri!"

"Baba Moraa, uko wapi?"

"Nimeacha Rongo nyuma. Naelekea Rodi."

"Simama."

"Eh?"

"Simama hapo ulipo. Ile boriti chini ya kebini imeoza yote. Bisibisi iliingia hadi mpini. Niliandika pale."

"Uliandika OK."

"Niliandika *ok nyal*. Hiyo si OK ya Kizungu. Ni *ok* yetu. Ni kusema haiwezi."

Injini ikanguruma. Nyabuto akabadilisha gia, ingawa injini haikuwa imeomba.

"Nyal si ni kutu?" akasema hatimaye. "Mlinifundisha wenyewe."

"Ni kutu, na pia ni kuweza. Neno ni moja. Nakuomba, simama tu."

"Sasa mimi ningejuaje, mama Hawi?" Akacheka, kicheko kifupi. "Sikia. Hapa ni kona na mitaro, nina magunia hadi juu, nikisimama watanigonga. Nikifika Rodi naegesha. Pale kuna fundi. Naenda polepole."

"Usiende polepole! Sima—"

Mtandao ukakatika. Alipopiga tena, yule mwanamke wa simu akamwambia, kwa sauti yake ile isiyo na haraka, kwamba mteja hapatikani.

Wakapakia jeki, mtaimbo na msumeno wa chuma nyuma ya gari la Omanga aina ya Probox. Lorine akamfungua Hawi mgongoni, akamkabidhi Filister bila kusema neno, na Filister akampokea bila kuuliza. Omanga aliendesha kama ambavyo hakuwahi kuendesha, akinong'ona zaburi kwa Kikisii. Awendo ikapita, matrekta ya miwa yakapita. Walipokaribia Rongo ndipo Lorine alipokumbuka ile chapati. *Ok adwar*, alisema Cephas. *Hutaki? Basi nakula mimi.* Hakuna aliyemtafsiria. Akageuka kumtazama Cephas, akakuta Cephas anamtazama. Yeye pia alikuwa amekumbuka. Wakageuza nyuso, kila mmoja dirisha lake.

Rodi hakukuwa na lori.

"La bluu? Limejaa magunia?" akasema kijana wa bodaboda. "Limepita. Lilipunguza mwendo hapa kwa fundi welda, halafu likaenda. Welda mwenyewe amefunga, leo kuna mazishi."

Toka Rodi barabara huanza kushuka kuelekea mjini, na baada ya kona fulani ziwa hujitokeza mara moja, pana, jeupe kwa jua. Watu hupenda kusimama pale kupiga picha. Siku ile walikuwa wamesimama wengi, lakini walikuwa wameligeuzia ziwa mgongo.

Lori lilikuwa limesimama wima katikati ya mteremko, halijapinduka, halijagonga kitu. Hilo ndilo lililotisha. Magunia yalikuwa juu, yamepangwa vizuri. Kebini ndiyo iliyokuwa imeinama mbele, kama mtu aliyesinzia kanisani, ikaanguka juu ya bampa na kuchimba lami. Boriti ilikuwa imekatika Nyabuto alipokanyaga breki. Sakafu ilijikunja, ikamshika miguu.

Alikuwa macho. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu na jasho lilikuwa limemlowesha.

"Mama Hawi," akasema alipomwona. "Mlango haukufunguka. Mmeufunga vizuri sana."

"Usiongee."

"Nikinyamaza nitalala."

Wanaume walikuwa wamefunga kamba wakitaka kuvuta. Cephas akawafokea waache. Dizeli ilikuwa ikidondoka, kwa hiyo moto wa aina yoyote haukuruhusiwa. Ni mkono tu. Omanga akaweka jeki chini ya kebini, wakainua kwa upana wa kiganja. Zaidi ya hapo bati likaanza kulia na Nyabuto naye akalia. Kilichomshika mguu wa kulia kilikuwa ukingo wa sakafu, na mahali pa kuufikia palikuwa pembamba kama mlango wa banda la kuku.

Lorine akavua kitenge, akachukua msumeno, akaingia.

Ndani palinuka dizeli, mahindi na kitu kingine ambacho hakutaka kukitaja. Alijaribu kukata ubavuni, msumeno ukateleza. Lilikuwa ni lile bati jipya, kazi ya Cephas, imara. Ndipo akafanya anachojua kufanya. Akagonga kwa mpini wa msumeno, sentimita kwa sentimita, sikio karibu na chuma, huku mtu akifa juu ya kichwa chake. Likajibu, likajibu, likajibu. Likanyamaza. Hapo. Akaweka meno ya msumeno palipooza, na kutu ikaachia, nyekundu, ikamwagikia mikono yake na ikachanganyika na damu hadi hakujua ipi ni ipi.

"Unafanya nini huko?" Sauti ya Nyabuto ilikuwa imeanza kwenda mbali.

"Natafuta nyal."

"Umepata?"

"Iko nyingi."

"Vizuri," akasema. "Kwa mara ya kwanza, vizuri."

Walipomtoa, mguu wa kulia ulikuja pamoja naye, lakini Lorine alikuwa ameuona na alijua ulikuwa umeshabaki kule. Pikapu ya muuza samaki ndiyo iliyompeleka hospitalini, akiwa amelazwa juu ya mabati yenye magamba.

Afisa wa trafiki alifika baadaye. Alizunguka, akapiga picha, akainama chini ya kebini. Boriti ilikuwa imekatika katikati ya maneno. Kipande kimoja kilikuwa kimesagika kwenye lami na hakuna aliyekiona tena. Kile kilichobaki kwenye lori kilikuwa na herufi mbili, nyeupe, safi.

"Nani aliandika hii OK?"

Omanga akafungua kinywa. Lorine akatangulia.

"Mimi."

"Wewe ni fundi?"

"Mimi hukwangua."

"Unakwangua, halafu unaandika OK kwa kitu imeoza hivi." Akatikisa kichwa, akaandika jina lake na nambari ya simu. "Usitoke Migori. Utaitwa."

Alitaka kumweleza. Alianza hata. Lakini Kijaluo chake, kikitamkwa mbele ya ile chaki, kilisikika kama kisingizio kilichotungwa njiani. Afisa alikuwa ameshafunga kitabu.

* * *

Siku zilizofuata Lorine alifanya kazi bila kuimba. Usiku alimnyonyesha Hawi akisikiliza kila pikipiki iliyopita barabarani, akidhani ndiyo wanakuja. Baba Hawi alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder. Lorine alipompigia alimwambia tu kwamba kuna shida kazini. Alimuuliza Filister kama angeweza kukaa na mtoto, ikibidi. Filister akasema, "Hata miaka," kisha akajiuma ulimi.

Cephas alichukua mabomba membamba yaliyobaki kwenye kazi ya geti fulani, akayakata, akayakunja, akayachomelea. Siku ya pili Lorine akaelewa ni magongo. Akayachukua akayapiga msasa hadi yakang'aa, akayapaka praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, yakakauka, akayapaka tena.

Wakaenda hospitalini Homa Bay, Lorine akiwa amembeba Hawi, Cephas akiwa ameshika magongo kama anayeshika bunduki ya mtu mwingine.

Bonareri alikuwa ameketi kando ya kitanda. Aliwatazama, akatazama magongo, kisha akageukia ukuta. Hakujibu salamu. Blanketi la Nyabuto lilikuwa limeinuka upande mmoja, na upande wa pili lilikuwa limelala tambarare kuanzia juu ya goti.

"Si nilikuambia wasije," Bonareri akamwambia mumewe. Alisema kwa Kiswahili ili nao wasikie. "Walikuandikia OK, ukaamini. Wamekuja kuandika nini tena?"

Lorine alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo, na bado yalimkuta. Akatafuta pa kuweka macho.

"Mama Moraa," Nyabuto akasema. "Nyamaza kwanza. Nina kitu."

"Pumzika."

"Nimepumzika hadi nimechoka." Alikuwa amekonda shingo. Alimtazama Lorine, si mkewe. "Ile alfajiri nilikuwa chini na tochi ya simu. Nikasoma OK. Nikasoma nyal. Mwandiko si wa mzee, na mzee huandika neno moja, hii ilikuwa na mawili. Nimekaa Migori miaka yote hii, nani hajui kuwa *ok* ya Wajaluo ni kukataa? Watoto wa shule wanajua. Konda akikuambia *ok*, unashuka."

Akalikunja blanketi kwa vidole.

"Nilijua," akasema. "Si yote, lakini nilijua kuna kitu. Nikasema nimpigie mama Hawi. Kabla sijapiga, Mama Terry akapiga. Kama sitaki kazi niache funguo, kuna mtu amesimama mlangoni kwake anaitaka. Nilipokata simu nikamulika tena. Safari hii nikasoma ile ya kwanza peke yake, kwa Kizungu." Akameza mate. "Na Rodi vilevile. Nilisimama, nikaona fundi amefunga, nikajiambia Homa Bay si ile pale. Jana yule wa trafiki alikuja. Nimemwambia hivyo hivyo, akaandika, nikaweka alama ya kidole. Hatakuita tena, mama Hawi."

Lorine alidhani angehisi wepesi. Alichohisi ni uchovu tu, na hamu ya kukaa.

Bonareri alikuwa bado ameangalia ukuta. Mabega yake yalipanda, yakashuka. "Ulijua," akamwambia ukuta. "Ukaniaga ukasema mmetengenezewa vizuri. Ulijua." Alilia bila sauti, kitambaa kinywani, na hakuna mmoja wao aliyethubutu kumgusa. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mguu, akavuta kiti kidogo kilichokuwa chini ya kitanda, akakisukuma kuelekea kwa Lorine.

Lorine akakaa.

Cephas akaona ndiyo nafasi, akayaegemeza magongo kitandani. Nyabuto akayapapasa kwenye maungio.

"Yatashika kutu haya?"

"Nimeyapaka praima mara mbili," akasema Lorine. "Nimeyagonga pia. Yote yanajibu."

"Na ulitaka kuandika nini tena, siku ile? Ulisema kwa simu ni haiwezi. Haiwezi nini?"

Alikuwa ameomba asiulizwe hilo. Alimtazama Cephas, naye Cephas akatazama sakafu.

"*Wuotho*," akasema polepole. "Neno la tatu lilikuwa *wuotho*."

"Ndiyo nini?"

"Kutembea."

Nyabuto akatazama pale blanketi lilipokuwa tambarare. Uso wake ukapita mahali ambapo Lorine hakuweza kumfuata. Nje mtu alikuwa akifagia. Hawi, aliyekuwa amechoka kupakatwa, aliteleza kutoka mapajani mwa mama yake, akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama. Akayumba. Akakaa kwa kishindo. Akaanza upya.

"Dereva," Nyabuto akamwita kwa sauti ya chini, akamnyooshea kidole. Mtoto akakishika.

Kisha akamwuliza Lorine kama ana chaki.

Alikuwa nayo. Siku hizi ilikuwa haitoki kwenye mfuko wa sketi yake, ingawa tangu siku ile alikuwa akiandika neno moja tu, BADO, kwa Kiswahili, kubwa, na kumsomea kila mtu kwa sauti hadi wamcheke.

"Andika yale maneno hapo," akasema Nyabuto, akigusa gongo la kulia. "Ila ile *ok* ya kwanza usiiandike."

Lorine akapiga magoti. Praima ilikuwa ya kijivu na chaki ilishika vizuri. Aliandika polepole, maneno mawili, na safari hii hakuna mtoto aliyeanguka na hakuna jua lililokuwa likitua.

NYAL WUOTHO

Bonareri alikuwa amegeuka. Macho yalikuwa mekundu. Alisoma herufi moja moja, midomo ikisogea.

"Na hii sasa inasema nini?" akauliza. "Nataka kuambiwa yote, tangu leo."

Nyabuto akafikiri.

"Inasema kutu inatembea," akajibu.

Cephas akakohoa. Bonareri akamtazama Lorine, akingoja asahihishe, kwa sababu sasa neno la Lorine ndilo alilopaswa kuliamini.

"Ni moja ya maana zake," akasema Lorine. "Nitakuambia na ile nyingine." Akasogeza kiti karibu naye, akaanza kumfundisha.